Kofia Kwanza

Mji mzima ulimwita Mama Studio, na mimi sitamwita vinginevyo. Jina lake la ubatizo nilikuja kulijua nikiwa nimeshamzoea, nikaliona halimkai, kama viatu vya kuazima. Babu zake walikuwa akina nani, na nini kilimtoa upande wa Nyeri kikamleta Eldoret, hayo mtanisamehe. Ninachokijua vizuri ni mikono yake, na namna alivyopokea kofia ya mtu.

Studio ilikuwa vyumba viwili nyuma ya kinu cha kusagia mahindi. Chumba cha mbele kilikuwa na kiti kimoja, pazia lililochorwa ziwa na ndege wekundu (aliyelichora, ilionekana wazi, hakuwa ameona ndege wala ziwa), na safu ya misumari saba kando ya mlango. Chumba cha nyuma ndicho kilikuwa cha giza. Kinu kilipoanza kunguruma nyumba nzima ilitetemeka, na mashine ya kuchapishia picha ikatetemeka nayo, kwa hiyo picha zilichapishwa kinu kikiwa kimenyamaza tu: asubuhi na mapema, saa ya chakula cha mchana, na siku mkanda ulipokatika. Nadhani Mama Studio ndiye mtu pekee mjini aliyefurahia kukatika kwa mkanda wa kinu.

Mimi nilifika kwake nikiwa mwalimu wa historia, mwenye digrii mpya na kamera kuukuu. Wakati huo Wazungu wa mashamba walikuwa wakiuza na kuondoka, na minada ilikuwa haiishi. Watu wenye akili walinunua plau, matangi ya maji, ng'ombe wa gredi wenye maziwa mengi. Mimi nilinunua kamera, pamoja na kitabu kinene cha Kiingereza cha kufundisha kupiga picha. Baba yangu, aliyekuwa akichanga na wenzake wanunue shamba karibu na Burnt Forest, aliigeuza ile kamera mkononi akauliza inakamuliwa wapi.

Filamu yangu ya kwanza nilimpelekea Mama Studio aioshe. Siku ya kuichukua aliinyoosha mbele ya dirisha, akaipitisha taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Vipande vingine vilikuwa wazi kama kioo, vingine vyeusi tititi.

"Mwalimu," akasema, "hii kamera uliinunua ama uliiokota?"

Nikamweleza yote niliyosoma. Nilizungumza kuhusu uwiano wa tundu la lenzi na muda, nikataja kurasa. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimewahi kuchoma mahindi.

Alikuwa na jiko kwenye mlango wa nyuma, na msimu wa mahindi mabichi halikuzimika. Akanipa hindi. Ukiliweka karibu na makaa, akaniambia, linaiva haraka. Ukiliweka mbali linataka muda. Yote mawili yataiva. Ukiliweka karibu ukajisahau, unakula makaa. Ukiliweka mbali ukaliondoa mapema, unakula maziwa. Tundu la lenzi ndilo huo ukaribu. Spidi ndiyo huo muda. Na filamu ni hindi lenyewe, kuna laini na kuna gumu, usiyachome sawasawa. Nikamuuliza jambo ambalo kitabu changu kilishindwa kabisa kunieleza: mbona nambari kubwa ndiyo tundu dogo? Akanitazama kama anayejiuliza chuo kikuu kinafunza nini. Nambari, akasema, ni umbali wako na moto. Kumi na sita uko mbali, unaona baridi. Nne umekaribia, jihadhari na nguo zako.

Siku hiyo niliunguza mahindi matatu, nikayala yote, kwa sababu alisimama hapo mpaka nimalize.

Kipima mwanga alikuwa nacho, alichopewa na mteja mmoja aliyehama, lakini alikitunza kwenye droo pamoja na nyuzi na vifungo. Yeye alipima kwa mkono. Alisimama karibu na mtu, akanyoosha mkono wake wa kushoto, mgongo wa kiganja ukielekea mahali uso wa mtu ulipoelekea, akautazama, akataja nambari. Ngozi ya mkono wake na ngozi ya wateja wake, alisema, zinakula mwanga mmoja. Kile kikaratasi kilichokuja ndani ya sanduku la filamu, chenye mchoro wa jua na mawingu na nambari za kufuata, alikuwa amekibandika ukutani, nami nikadhani anakiheshimu. Juu yake palikuwa na picha ya mama wa Kizungu na mtoto wake wakicheza mpira kwenye mchanga mweupe.

"Hiki hakidanganyi," aliniambia. "Kinasema ukweli juu ya hawa wawili. Sasa wewe, hawa wawili umewapata wapi hapa?"

Na nilipolalamika kwamba nikifuata uso anga linatoka jeupe bila hata wingu moja, alinijibu neno ambalo alilirudia mara nyingi hata nikaacha kulisikia, kwa hasara yangu: "Anga halijaagiza picha."

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake, na hakuona haya. Mteja aliyechelewa alimfungia mlango. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika kanisani kabla ya wimbo wa pili. Majina yalimpita kama maji, lakini uso ulioketi kwenye kile kiti mara moja aliukumbuka miaka yote, na akikutana nao sokoni angeusalimu hivi: "Wewe wa shingo iliyoelekea kulia, hujambo?" Bibi arusi aliyekuwa na chunusi alitoka studioni bila chunusi, kwa kazi ya penseli aliyoipitisha juu ya filamu, iliyochongwa ikawa kama sindano; lakini mtu akiomba aongezewe nywele alifukuzwa. Kucheka hakutaka. Aliyetabasamu aliambiwa apumzishe mdomo kwanza, kisha Mama Studio akamuuliza, kwa sauti ya kupiga soga tu, ng'ombe wa kwanza atakayempeleka shambani kwake ataitwa nani. Hapo uso ulifunguka wenyewe, naye alikuwa ameshabonyeza.

Swali hilo la ng'ombe halikuwa la bure. Miaka ile karibu kila aliyeketi pale alikuwa ananunua shamba. Watu walijiunga kwenye makampuni, wakanunua shamba la Mzungu mzima mzima, kisha wakagawana kwa kura. Kila mwanachama alikuwa na kadi, na kwenye kadi, picha. Wazee ambao hawajawahi kupigwa picha maishani walipanga foleni iliyochanganyika na foleni ya kinu, hata mama mmoja akaketishwa kwenye kiti na kuulizwa jina la ng'ombe wake, kumbe alikuja kusaga debe moja.

Wazee hao walikuja na kofia. Mzee wa Uasin Gishu kichwa wazi mbele za watu ni kama nyumba iliyoezuliwa. Na ukingo wa kofia, kwenye jua letu la juu kabisa, unamwaga kivuli mpaka kidevuni. Kwa hiyo Mama Studio alikuwa na namna yake. Hakumwambia mtu avue kofia. Alimwendea mzee, akainama kidogo, akanyoosha mikono miwili, akasema, "Mzee, naomba kofia yako nikuwekee." Akaipokea kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto mchanga, akaitundika kwenye msumari, akaitazama kidogo ilivyokaa. Sikuona mzee hata mmoja aliyekataa. Baadhi waliketi wima zaidi kuliko walipokuwa wameivaa.

Mimi nilimwona akifanya hivyo labda mara mia. Nilidhani ni tabia njema tu.

Kisha kampuni moja iliyonunua shamba upande wa Kiplombe ikaomba mpiga picha awafuate wanachama kule kule. Nyonga ilikuwa inamuuma Mama Studio, hangeweza kupanda lori. Akanituma mimi. Aliniambia maneno machache: kofia kwanza, kisha mkono, kisha kikaratasi, kama nitakikumbuka.

Nilifika saa sita mchana. Wazee kama arobaini walikuwa wameketi kwenye benchi nje ya nyumba ya maziwa ya Mzungu aliyeuza shamba, ukuta umepakwa chokaa nyeupe pe. Wa kwanza alikuwa mzee mwenye kofia ya kahawia yenye unyoya wa kanga. Alikuwa wa rika la baba yangu. Kwetu, kijana hamfunui kichwa mtu wa rika la baba yake. Nilikuwa na digrii, nilikuwa na kamera, lakini ulimi sikuwa nao. Nikamkaribia, nikainama, nikanyoosha mikono, na maneno yaliyotoka ni haya: "Mzee, kaa hivyo hivyo. Uko sawa."

Wa kwanza akishabaki na yake, wa pili utamwambiaje? Wote wakabaki nazo. Na kwa kuwa nilikuwa nimetahayari, sikunyoosha mkono wangu mbele ya watu wazima wakaniona natazama vidole, nilifuata kikaratasi. Jua kali, kumi na sita. Nilirudi mjini nimesimama nyuma ya lori, nimeridhika kabisa.

Mama Studio aliiosha filamu, akaipitisha mbele ya dirisha. Hakunigombeza, nami ningeona afadhali anigombeze.

"Mwalimu," akasema, "umenipigia kofia arobaini."

Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe, ameketi mbele karibu na dereva, ameuma meno njia nzima. Alichukua nyundo. Alipigilia misumari kwenye ule ukuta mweupe, akapokea kofia moja moja, akafungua tundu mara mbili, kutoka kumi na sita hadi nane, akampiga kila mtu upya. Kila mtu isipokuwa yule wa unyoya wa kanga. Homa ya mapafu ilikuwa imemchukua, na Alhamisi walikuwa wamemzika. Kadi yake ikabandikwa picha yangu.

Sikulifikiria tena mpaka Ijumaa moja mjane wake alipoingia studioni kwa miguu kutoka Kiplombe, kadi imefungwa ndani ya leso. Kura ya kugawa shamba ilikuwa kesho yake. Mdogo wa marehemu alikuwa amekwenda kwa kamati akasema kadi ile ni yake. Jina lililoandikwa lilikuwa arap Sang, yaani mwana wa Sang, na Sang alikuwa na wana wawili. Waliowajua waliwajua wote wawili, wakaona heri wanyamaze. Kamati ikatazama picha, na picha ilikuwa kofia, na chini ya kofia giza. Kofia yenyewe ilikuwa pale pale mbele yao, na unyoya wake wa kanga, kichwani kwa yule mdogo mtu. Alikuwa ameirithi. Mwenyekiti alimpa mjane mpaka asubuhi alete picha inayoonyesha mtu.

Alieleza hayo yote bila kuinua sauti. Kisha akamtazama Mama Studio.

"Mama," akasema, "uniambie tu kama yumo."

Mama Studio aliitafuta ile filamu, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Mahali pa uso palikuwa karibu wazi, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Akaiweka karibu na jicho, akakaa nayo kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa natafuta shimo sakafuni.

"Yumo," akasema. "Amejificha nyuma ya makosa yetu."

Alisema yetu. Nimekuwa mwalimu, nimekuwa na wakubwa wa kazi wengi. Sijasikia tena neno dogo likibeba mzigo mkubwa hivyo.

Nikamnong'oneza kwamba penseli ipo. Macho mawili, pua, nani atajua? Alinigeukia. Bibi arusi, akasema, anamwondolea chunusi na Mungu anamsamehe. Marehemu hatamchorea macho. "Nikichora mimi leo, kesho huyo mwingine atatafuta mtu wa kumchora yeye."

Lakini ilikuwa Ijumaa, kinu kinanguruma, na foleni ya akina mama imefika barabarani. Uso uliofifia vile ulihitaji mwanga hafifu wa muda mrefu chini ya mashine, na nyumba ikitetemeka usingekuwa uso, ungekuwa uji. Mama Studio akaenda kwa mwenye kinu. Mwenye kinu akaonyesha foleni kwa kidole. Basi akawaendea akina mama wenyewe, akawaeleza, na mjane amesimama pembeni na leso yake. Halafu mmoja, mnene, aliyekuwa wa tatu kutoka mlangoni, akatua debe lake la mahindi akalifunika kwa ungo, akakaa juu yake. "Mahindi hayaozi leo," akasema. Wakaketi wote. Kinu kikazimwa, na mkanda ukazunguka peke yake kidogo, ukatulia.

Chumbani kwenye taa nyekundu nilisikia maji yakidondoka kwenye beseni. Miezi yote ile sikujua kwamba huwa yanadondoka. Alikata kipande cha karatasi nyeusi, umbo la kivuli cha ukingo wa kofia, akakibandika kwenye spoki ya baiskeli. Akawasha mashine, na ile spoki akaipitisha juu ya uso, akiitikisa kidogo, kuuzuilia mwanga usiulemee, huku akihesabu chini ya pumzi kwa lugha ya kwao. Karatasi ya kwanza ilitoka nyeusi. Ya pili kijivu. Ya tatu ilitoa shavu lisilo la mtu. Huyu ni mwanamke aliyeninunia siku nzima nilipoharibu karatasi moja. Siku ile alimaliza sanduku, na hakuzitazama zilizoanguka.

Katika zile za mwisho mwisho, ndani ya dawa, kwanza likaja shavu, likiwa la mtu sasa. Kisha jicho moja, limefinyana kwa jua. Kisha, polepole, sikio. Lilikuwa sikio la wazee wa zamani, ndewe, ile nyama ya chini, imetobolewa na kunyooshwa mpaka ikawa kama kitanzi, na kile kitanzi kimekunjwa juu, kimetundikwa kwenye sikio lenyewe.

Mama Studio akamwita mjane aingie. Aliinama juu ya beseni. Akataja jina ambalo si lile la kwenye kadi, kwa sauti ya mtu anayemwita mwingine chumba cha pili. Kisha akatueleza, kama tuliouliza, kwamba marehemu alilikunja sikio hivyo akienda kukamua, ndama wasilivute.

Kesho yake nilimsindikiza mimi. Nilitaka nione, na niliona niliyostahili kuona. Mwenyekiti, mzee mnyamavu, alitazama picha mpya, akamtazama mdogo wa marehemu. Huyo alikuwa amesomea misheni tangu utotoni, hakuwa ametobolewa. Lakini kofia ilimshuka mpaka masikioni.

"Hebu toa kofia," mwenyekiti akamwambia. Maneno matatu. Mimi yalinishinda, na angalia yalikotufikisha.

Kisha akaitoa, akaiweka kwenye benchi, na masikio yake yakaonekana na kila mtu, mazima kabisa. Hakuna aliyemtukana. Akaondoka kupitia nyuma ya nyumba ya maziwa. Mjane akatia mkono kwenye karai la kura, akachukua karatasi yake mwenyewe, akanipa nimsomee nambari.

Kofia aliileta studioni mwezi uliofuata, pamoja na maziwa ya mala, yale yaliyochachuka. Alisema nyumbani kila akiiona anadhani mtu amerudi. Mama Studio akaipokea kwa mikono miwili, akaitundika kwenye msumari wa kwanza, na tangu siku hiyo wateja walibaki na misumari sita.

Mimi nilihamia Nairobi, nikaacha historia, nikawa mtu wa kuandika makala ambazo watu husoma wakingoja zamu kwa kinyozi. Miaka zaidi ya kumi na mitano ikapita kabla sijarudi kumtafuta. Kinu kilikuwa duka la viatu. Nikaelekezwa mtaa wa Huruma, pale pale Eldoret, kwa binti yake, chumba cha mabati kwenye safu ya vyumba vya mabati. Nilimkuta ameketi nje mlangoni juani. Macho yalikuwa yameingia ukungu. Mwanga wa moja kwa moja ulimuumiza, kwa hiyo alivaa kofia ya kiume, ya kahawia, iliyobaki kijiti tu mahali palipokuwa na unyoya.

"Nani huyo amesimama?"

"Ni mwalimu, Mama."

Akafikiri. "Yule wa kofia arobaini."

Ndiyo wasifu wangu wote. Tulizungumza juu ya nyonga, juu ya binti yake, juu ya nani amekufa na shingo yake ilielekea wapi. Akasikia kamera ikigonga kifungo cha koti langu, akaomba aishike. Nikamwambia hii ni ya kisasa, inapima mwanga yenyewe. Akanyoosha mkono wa kushoto, mgongo wa kiganja juu.

"Siuoni tena," akasema. "Nisomee unasemaje."

Niliutazama mkono ule kuliko nilivyowahi kutazama kitabu.

"Nane."

"Na hiyo ya kisasa?"

"Inasema kumi na sita."

"Inaangalia mabati yanavyong'aa," akasema, akaupumzisha mkono mapajani. "Basi piga. Binti yangu hana picha yangu hata moja."

Nikaizima akili ya kamera, nikaweka nane, nikaiinua. Alikuwa ameketi wima, uso umenielekea, kivuli cha ukingo kimemfika kidevuni. Hakusogea. Nikangoja kidogo, naye akangoja. Ilinichukua muda kuelewa kwamba si mimi niliyekuwa namngojea yeye, ni yeye aliyekuwa akiningoja mimi. Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi, na ulimi ukawa mzito vile vile.

Nikamkaribia, nikainama. "Mama, naomba kofia yako nikuwekee."

"Umechelewa," akasema, lakini mikono ilikuwa tayari kichwani.

Alinipa kwa mikono miwili, na ili niipokee kwa mikono miwili ilibidi niiachie kamera ining'inie shingoni. Nikageuka kutafuta msumari. Kwenye ukuta ule wa mabati hapakuwa na hata mmoja. Nikaivaa.

Kisha nikamuuliza ng'ombe wake wa kwanza angemwita nani. Picha ninayo hapa mezani, na nyingine yuko nayo binti yake. Anga limetoka jeupe, halina hata wingu. Masikio yake yote mawili yanaonekana.